Mgonjwa Ndiye Anayeita

(Mazungumzo ya redio. Somo: Yakobo 5:13–16)

Asubuhi ya leo hatukuja kwenu kama walimu. Tumekuja kama watu wawili, mume na mke wa nyumba moja katika mji wa Nakuru, ambao mwezi wa Machi mwaka 2021 waliugua korona, wakaficha, kisha wakapona. Habari ya kupona kwetu tumeishuhudia kanisani mara nyingi. Habari ya kuficha kwetu hatujaisema mbele ya watu wengi hata siku moja. Leo twataka kueleza zote mbili, pamoja na yale tuliyojifunza juu ya ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa huo haujaondoka duniani.

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo twaijua tangu utotoni, nasi tumewafundisha watoto wetu. Hata hivyo, siku yetu ilipofika, tulificha.

Alhamisi ile

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 Machi. Ushirika wa nyumbani ulikutana kwetu jioni, watu tisa katika chumba kimoja. Kiangazi kilikuwa hakijaisha na vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo tulifunga madirisha na mlango. Tuliimba sana jioni hiyo. Barakoa tulizivaa tulipoingia, lakini chai ilipoletwa tulizishusha hadi kidevuni, na hapo zikabaki. Mmoja wetu alikuwa na mwasho kidogo kooni na uchovu asioujua sababu yake. Tulisema ni vumbi.

Kama tungalijua wakati ule tunayoyajua sasa, tungalifungua madirisha. Virusi vya korona husafiri kwa pumzi. Mtu anaposema, anapokohoa, na zaidi anapoimba kwa sauti, hutoa matone madogo ya maji kutoka kinywani na mapafuni. Makubwa huanguka chini upesi. Yale madogo sana huelea hewani kama moshi wa jiko, na chumba kikifungwa huzidi kujaa. Tena mtu aweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia mgonjwa. Hii ndiyo sababu ugonjwa ulienea hivyo. Uliwatumia watu waliodhani kuwa ni wazima, watu waliokuja kusali.

Ijumaa usiku homa ilianza kwa mmoja wetu, na Jumapili kwa wa pili. Viungo viliuma, kichwa kiliuma, kikohozi kikavu kikaja. Tulisema ni malaria. Tulinunua vidonge vya malaria bila kupimwa damu, tukanywa. Tulichemsha tangawizi, malimau na vitunguu saumu. Tulijifunika blanketi tukajifukiza kwa majani ya mwarobaini. Hatusemi kwamba kinywaji cha moto ni kibaya. Kilituliza koo, tukashukuru. Lakini mvuke hauui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini, na maji yanayochemka chini ya blanketi yamewaunguza wengi. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mambo hayo yote yalitupa kitu cha kufanya, tukajiona tunajitibu, kumbe siku zilikuwa zinapita.

Pua iliyokufa ganzi

Jumatatu asubuhi, tarehe 8, uji uliungua jikoni. Aliyekuwa akiupika alisimama karibu na sufuria, wala hakusikia harufu yoyote. Jirani ndiye aliyepiga kelele kutoka uani. Tulichukua kitunguu tukakikata, tukakinusa kwa zamu. Hakuna aliyesikia kitu. Tulinusa mafuta ya taa. Ilikuwa kama kunusa maji.

Katika mafua ya kawaida mtu hukosa harufu kwa sababu pua imeziba. Sisi pua zetu zilikuwa wazi. Juu kabisa ndani ya pua pana neva za kunusa, na kando yake zimo chembe nyingine zinazozilisha na kuzilinda. Virusi vya korona hushambulia chembe hizo za kulinda, na neva zikikosa walinzi wake hushindwa kufanya kazi. Wagonjwa wengi wa miaka ya 2020 na 2021 walitambua ugonjwa wao kwa dalili hiyo. Katika aina za virusi zilizokuja baadaye, dalili hiyo imekuwa haba zaidi.

Basi Jumatatu hiyo tulijua. Hatukupimwa, lakini tulijua. Tuliketi kitandani tukatazamana. Hapo ndipo tulipofanya neno tunalolijutia hata leo: tulikubaliana kutosema.

Kwa nini tulinyamaza

Mtauliza, kwa nini? Sababu zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni hofu ya watu. Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2020, jinsi mgonjwa alivyochukuliwa na wahudumu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, majirani wakitazama kutoka madirishani. Kuna nyumba mtaani kwetu ambayo watoto waliambiwa wasipite mbele yake, hata miezi mingi baada ya wenyewe kupona.

Ya pili ni riziki. Tunalo duka dogo la maziwa na mkate. Nani angenunua maziwa kwa mgonjwa wa korona?

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Mmoja wetu ni mzee wa kanisa. Katika siku za kwanza za ugonjwa alikuwa amesimama mbele ya ushirika akasema kwamba tauni haitaikaribia nyumba ya mtu anayemcha Mungu. Sasa tauni ilikuwa ndani ya nyumba yake. Tuliona kwamba tukisema, watu watadhani imani yetu ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo tulilinda jina letu, tukadhani tunalilinda jina la Mungu.

Pumzi

Ijumaa tarehe 12, siku ya nane tangu mwasho ule, mmoja wetu alishindwa kumaliza sentensi. Binti yetu alipiga simu kutoka Eldoret, akasikia baba yake akisema maneno matatu, kisha akipumzika, kisha maneno mawili. Hakuuliza zaidi. Alimpigia simu muuguzi anayekaa mtaa wa pili, naye akaja na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni.

Kifaa hicho hupitisha mwanga katika ncha ya kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 kati ya 100 au zaidi, ingawa kwenye nyanda za juu huweza kupungua kidogo. Mtu akishuka chini ya 90, ni hatari, apelekwe hospitali mara moja. Kilipobanwa kidoleni kwa baba huyu kilionyesha 84. Naye alikuwa ameketi kitini akidai kwamba hajambo. Korona ina hila hiyo, kwamba mapafu huweza kuharibika polepole hata mgonjwa asihisi jinsi alivyopungukiwa.

Madaktari walitueleza baadaye kwamba ugonjwa huu mara nyingi huwa na vipindi viwili. Katika juma la kwanza virusi huongezeka mwilini. Katika juma la pili, kwa baadhi ya watu, mwili wenyewe hupigana kwa ukali uliopita kiasi, na vita hivyo huyajaza mapafu uvimbe na maji. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuonekana amepata nafuu siku ya sita, kisha akazidiwa siku ya nane au ya kumi.

Hospitalini alipewa oksijeni. Aliambiwa alale kifudifudi kwa saa nyingi, maana sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na mtu akilala kwa tumbo sehemu hiyo hupata nafasi ya kujaa hewa. Alipewa pia dawa iitwayo deksamethasoni. Hii si dawa mpya wala ya bei kubwa; imejulikana tangu miaka ya 1950. Mwezi wa Juni 2020 uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa kadiri ya theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumulia mashine, na kwa kadiri ya moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida. Kwa hiyo, ndugu, mtu asiinunue dukani akainywa mwenyewe.

Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Wako wanaosema kwamba dawa na maombi havipatani. Someni habari za mfalme Hezekia katika Isaya 38. Aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalisikiwa, na tini zikatumika.

Siku moja baadaye

Jumamosi tarehe 13 Machi, mwaka mmoja kamili tangu Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza hapa Kenya, yule aliyebaki nyumbani alimpigia simu mchungaji. Kipimo kilikuwa kimethibitisha. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Mbona hamkutuita?"

Siku hiyohiyo akina mama wa kanisa walianza kuleta chakula. Waliweka sufuria langoni, wakabisha, wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakaimba wakiwa wamevaa barakoa, wakaenda zao. Siku 11 hazikupita bila sufuria langoni. Kweli, wako wateja waliohama duka letu, na wengine hawajarudi. Hatutaki kuwadanganya kwamba kusema ukweli hakuna gharama. Lakini kile kilichotutisha sana, kwamba kanisa lingetukimbia, hakikutokea.

Lakini kulikuwako mtu mmoja ambaye kwake ukweli wetu ulichelewa.

Katika ile Alhamisi ya tarehe 4, alikuwapo mama mzee ambaye mtaa mzima humwita Nyanya. Alikaa kwenye kiti cha karibu nasi, maana masikio yake yalikuwa mazito. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Jumanne tarehe 9 aliona homa. Watu wa nyumbani kwake walisema ni malaria, kama sisi tulivyosema, wakampa vidonge. Hawakuwa na sababu ya kufikiri vingine, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba Nyanya aliketi karibu na mgonjwa. Waliposikia habari zetu Jumamosi jioni, walistuka, na Jumapili alfajiri wakampeleka hospitali. Oksijeni yake ilikuwa imeshuka sana. Alifariki Jumamosi iliyofuata, tarehe 20. Alizikwa na watu wachache. Sisi hatukuwapo: mmoja alikuwa bado amelazwa, na mwingine alikuwa amejitenga chumbani.

Je, ni sisi tuliompa? Hatujui. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umetapakaa mjini, hata tarehe 26 Machi serikali ikaifunga Nakuru pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, watu wasiingie wala kutoka, na ibada za kukusanyika zikasimamishwa. Pengine aliupata sokoni. Hakuna daktari awezaye kutuambia. Lakini kosa letu halingoji jibu hilo. Jumatatu tulijua, watu walikuwa wameketi nyumbani mwetu, hatukumwambia hata mmoja.

Tulipopata nguvu ya kutembea tulikwenda kwa mwanawe, tukamwambia yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mngalisema Jumatatu, Jumatano mama angalikuwa hospitalini." Hakusema kwamba ametusamehe. Alisema hivyo mwaka uliofuata, langoni pa kanisa, nasi hatukuwa tumemwuliza.

Kupona polepole

Kupona nako kuna mambo yake. Baba alitoka hospitalini tarehe 23 Machi, na kanisa lilimtazamia asimame ashuhudie upesi. Hakuweza. Kutoka kitandani hadi mlangoni kulikuwa safari. Kwa miezi minne alisahau majina ya watu na alichoka kwa kuhesabu fedha za duka. Harufu zilirudi moja moja, na zilirudi zimeharibika: kahawa ilinuka kama mpira unaoungua, na sabuni ilinuka kama kitu kilichooza. Neva zilikuwa zinajifunza kazi yake upya. Hilo nalo lilipita.

Wako ambao kwao halikupita. Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo mwezi wa Oktoba 2021: mtu ambaye miezi mitatu tangu augue bado ana dalili kama uchovu, kukosa pumzi au akili kuwa nzito, zikiwa zimedumu miezi miwili au zaidi, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Huyo ni mgonjwa kweli. Asiambiwe ni mvivu, wala asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Apewe nafasi ya kupumzika, na apelekwe kwa daktari.

Yakobo atufundisha nini?

Sasa turudi katika somo letu. Yakobo anauliza kama yuko mgonjwa katika kanisa, naye atoa agizo. Tumelisoma agizo hilo maisha yetu yote, na siku zote tuliangalia wazee, mafuta na maombi. Hatukuona ni nani anayeanza. Anayeanza ni mgonjwa. Yeye ndiye anayewaita wazee. Wazee hawapewi uwezo wa kuona kupitia ukutani, wanangoja kuitwa. Mistari miwili mbele, Yakobo aunganisha kuponywa na kuungama sisi kwa sisi. Twadhani sasa twaelewa sababu. Kanisa haliwezi kuubeba mzigo uliofichwa chini ya blanketi.

Tena Walawi 13 yaeleza jinsi kuhani alivyomtazama mtu mwenye alama ya ugonjwa, akamtenga siku saba, kisha akamtazama tena. Tulizoea kuona kujitenga kuwa ni aibu. Lakini kuhani alirudi siku ya saba. Mtu yule alitengwa ili wengine wasidhurike, naye hakusahauliwa. Akina mama wa sufuria langoni walifanya hivyohivyo.

Naye Epafrodito, katika barua kwa Wafilipi, aliugua hata akakaribia kufa akiwa katika kazi ya Bwana. Paulo hakuficha jambo hilo ili kulinda sifa ya injili. Aliliandika, likasomwa mbele ya kanisa zima, akawaomba wampokee ndugu huyo kwa furaha. Mtumishi wa Mungu aweza kuugua. Hilo si fedheha.

Ndugu msikilizaji, tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Dharura ilikwisha, lakini virusi vingali vinazunguka. Kwa hiyo, ukiwa na homa na kikohozi, kaa nyumbani, usije kwenye ushirika, na uwaambie uliokaa nao. Ukikohoa na huna budi kutoka, vaa barakoa. Fungueni madirisha ya kanisa, hata kukiwa na vumbi. Usinywe dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Pumzi ikiwa fupi, usingoje asubuhi. Wazee na wenye sukari au shinikizo la damu waulize hospitalini juu ya chanjo. Dozi za kwanza, zaidi ya milioni moja, zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, siku moja kabla ya ile Alhamisi yetu. Sisi tulichanjwa baadaye, na Nyanya hakuiwahi.

Wala neno hili si la korona peke yake. Tangu UKIMWI ulipotambuliwa hapa Kenya mwaka 1984, ni wangapi walioketi viti vya mbele kanisani wakiwa na siri iliyowaua? Ni wangapi wanaokohoa hivi leo mwezi wa pili, nao waogopa neno kifua kikuu, ilhali dawa yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali na ugonjwa huo huponyeka?

Huenda wewe unayetusikiliza unalo blanketi lako. Watu walio karibu nawe hawajui. Twakusihi, usingoje siku ya nane. Ita leo. Nanyi mtakaoitwa, msiulize mgonjwa amekosa nini, wala msimsengenye njiani. Chukueni sufuria mwende.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uliyetupa pumzi, twakushukuru kwa pumzi tuliyo nayo asubuhi hii. Utusamehe pale tulipolinda jina letu tukawaacha wenzetu hatarini. Uwafariji waliofiwa. Uwape wagonjwa ujasiri wa kusema, na ulipe kanisa lako moyo wa kwenda likiitwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.